Cherehani ya dola 13.50 na bei inayofichwa

Mwaka 1897 kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago ilitangaza cherehani kwa dola 13 na senti 50, wakati cherehani zenye majina makubwa ziliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Mnunuzi hakuhitaji kupanda garimoshi wala kumjua mtu mjini. Alijaza fomu iliyokuwa ndani ya katalogi, akaituma kwa posta, kisha akasubiri mzigo stesheni. Katalogi hiyo, yenye kurasa zinazokaribia 800, imechapwa upya zaidi ya mara moja, na Wamarekani huifungua kama sisi tunavyofungua albamu ya harusi ya wazazi wetu. Kidole kinashuka kwenye safu ya bei, na mwenye kidole anaguna: zamani vitu vilikuwa rahisi.

Nasi tunaguna hivyohivyo. Dar es Salaam jina la daladala lenyewe limebeba kumbukumbu ya bei, ile nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Nimelisikia guno hili nyumbani, vijiweni na ofisini, na kwa muda mrefu nililikubali bila kulipigia hesabu.

Hesabu inasema vingine. Mwaka 1913, kabla Henry Ford hajapandisha ujira hadi dola 5 kwa siku, mfanyakazi wa kiwanda chake alilipwa dola 2.34 kwa siku ya saa tisa, na kazi yake ilihesabiwa kuwa nzuri. Cherehani ile ya 1897 ingemla ujira wa karibu siku sita. Mfanyakazi wa kawaida wa Marekani leo hupata takriban dola 30 kwa saa, na cherehani ya nyumbani ya dola 150 anaimaliza kwa saa tano. Dola moja ya 1913 ina thamani ya takriban dola 32 za sasa. Anayesoma bei za zamani kwa mfuko wa leo anajidanganya. Nguo, saa, vyombo, redio na baiskeli vimeshuka bei ukivipima kwa jasho.

Nyumba ni habari nyingine, na hapa wanaoikumbuka zamani wana haki zaidi. Kuanzia 1908 hadi 1940 Sears iliuza nyumba nzima kwa katalogi. Toleo la kwanza lilikuwa na ramani 44, kuanzia dola 360 hadi 2,890. Mbao zilizokwisha kukatwa, milango, misumari na rangi vilifika kwa behewa la reli pamoja na kitabu cha maelekezo. Kiwanja, msingi na mafundi vilikuwa juu ya mnunuzi. Ziliuzwa zaidi ya nyumba 70,000 kwa namna hiyo, na nyingi zinakaliwa hadi leo. Nyumba ya gharama kubwa kuliko zote katika toleo lile ilikuwa sawa na ujira wa miaka minne hivi wa mfanyakazi wa Ford. Leo nyumba ya wastani Marekani inapita dola 400,000, zaidi ya miaka sita ya mshahara wa mfanyakazi niliyemtaja. Kweli, ya leo inahesabiwa pamoja na kiwanja, mabomba na umeme. Hata hivyo pengo hilo ni pana, na kijana wa Marekani analisikia kila mwisho wa mwezi.

Lakini tusiipambe zamani. Sears ilitoa pia mikopo ya nyumba, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipobana, kampuni iliyomuuzia mtu nyumba ndiyo iliyomtoa ndani yake. Katalogi ya 1902 iliuza vidonge vya aseniki vya kung'arisha ngozi, na mikanda ya umeme iliyodaiwa kuwarudishia wanaume nguvu. Sumu na uongo vilikaa kitabu kimoja na cherehani nzuri.

Kwa nini basi watu wanaipenda? Nimefikia kuamini kwamba wanachokikosa ni namna bei ilivyosemwa, kuliko udogo wa bei wenyewe.

Kabla ya katalogi, mkulima wa Illinois au Kansas alikuwa na duka moja alilolifikia kwa farasi. Bei haikubandikwa popote. Mwenye duka alimtazama mteja usoni, akakumbuka deni lake la mavuno yaliyopita, ndipo akataja kiasi. Aaron Montgomery Ward, aliyekuwa ametembea vijijini kama mchuuzi, alikijua kilio hicho. Mwaka 1872 alichapa karatasi moja yenye bidhaa 163, kila moja na bei yake, akaanza na wanachama wa Grange, chama cha wakulima. Mwaka 1875 akaongeza ahadi ambayo wafanyabiashara wenzake waliiona wazimu: usiporidhika, fedha yako inarudi. Richard Sears, karani wa stesheni ya reli huko Minnesota aliyeanza kwa kuuza saa mwaka 1886, alikuja nyuma yake na kumpita.

Serikali nayo iliweka miguu chini ya biashara hii. Kuanzia 1896 posta ya Marekani ilijaribu kupeleka barua hadi mlangoni mwa mkulima bila malipo ya ziada, na tarehe 1 Januari 1913 ikaanza huduma ya vifurushi. Wenye maduka ya miji midogo waliipinga kwa nguvu, na baadhi yao walikusanya katalogi na kuzichoma hadharani.

Walionufaika kwa namna ya pekee ni Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Dukani walisubiri hadi mzungu wa mwisho ahudumiwe, kisha wakapewa kilichobaki kwa bei aliyoiamua mwenye duka, au wakanyimwa mkopo. Mwanahistoria Louis Hyman aliwakumbusha Wamarekani jambo hili mwaka 2018: fomu ya katalogi haikuwa na macho. Mweusi na mweupe walisoma bei moja na kupokea mzigo mmoja. Wenye maduka wa Kusini walikasirika hata wakaeneza uvumi kwamba Sears na Roebuck wenyewe walikuwa weusi. Julius Rosenwald, aliyeiongoza Sears baadaye, alitumia utajiri wake kusaidia kujenga majengo ya shule zaidi ya 5,300 kwa ajili ya watoto weusi wa huko.

Biashara yenyewe imekwisha, angalau kwa sura ile. Kampuni ya Ward iliacha katalogi yake mwaka 1985, Sears ikafuata 1993, mwaka mmoja kabla Jeff Bezos hajaanzisha Amazon, na Oktoba 2018 Sears ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Ulaya mambo yalikwenda njia ileile: Quelle ya Ujerumani ilianguka 2009, Argos ya Uingereza ilifunga kitabu chake 2020, na Desemba mwaka huohuo IKEA ikatangaza mwisho wa katalogi iliyodumu miaka 70, ambayo kilele chake mwaka 2016 kilikuwa nakala milioni 200 kwa lugha 32.

Karatasi, uchapaji na stempu ni ghali, hilo halina ubishi. Ila kuna sababu nyingine inayotajwa kidogo. Bei ikishachapwa inakuwa ahadi, na muuzaji amejifunga nayo msimu mzima. Duka la mtandaoni linaweza kubadili bei asubuhi na kuibadili tena jioni. Mwaka 2018 Amazon ilichapa katalogi ya karatasi ya vitu vya watoto kwa ajili ya Krismasi, yenye picha nzuri kabisa. Bei hazikuwamo. Aliyetaka kuzijua alipaswa kuchukua simu.

Hapo ndipo habari hii ya Chicago inapotufikia. Mwezi uliopita nilitafuta jiko la gesi la plati mbili kwa muuzaji mmoja wa Instagram aliyeko Kariakoo. Chini ya picha watu zaidi ya thelathini walikuwa wameuliza bei, na jibu lilikuwa moja kwa wote: njoo inbox. Nikaenda. Akaniuliza kwanza ninaishi wapi. Nikamjibu Masaki, akanitajia 185,000. Dada yangu anayeishi Mbagala alimwandikia jioni ileile kuhusu jiko hilohilo, akaambiwa 150,000.

Wauzaji wana sababu zao na nimezisikiliza: mshindani ataona bei na kuishusha kwa elfu mbili, dola inapanda kabla mzigo haujatoka bandarini, na mteja wa Kiswahili hata umwandikie bei atauliza mwisho ngapi. Sizibezi. Lakini biashara hii sasa imevuka Kariakoo. Mama wa Sumbawanga anaona picha, analipa kwa simu, na mzigo unapakiwa kwenye basi la usiku. Yeye ndiye mkulima wa Kansas wa leo. Hawezi kuzunguka maduka kumi kulinganisha, na kila bei anayotajiwa faraghani inampima yeye kabla ya kuipima bidhaa. Akigundua kwamba jirani yake alilipa pungufu, hatarudi, na atawaambia na wenzake wa kikoba.

Ward alianza na karatasi moja. Wewe unayeuza mtandaoni una nafasi ya bure chini ya kila picha. Bei ikipanda, ibadilishe mbele ya wote; ukitaka kuacha nafasi ya maelewano, sema hivyo. Ila iandike bei.