Mashine ya kupima gari yahamia nyumbani, mafundi walalamika

Kwa miaka mingi, kupima gari kwa kompyuta ilikuwa kazi ya gereji chache zenye mashine, na mwenye gari alilipia kabla hata boneti haijafunguliwa. Sasa kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachotuma majibu kwenye simu, kinapatikana katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei isiyofika tanki moja la mafuta ya gari dogo. Wauzaji wa vifaa hivyo wananufaika waziwazi. Mwenye gari je? Hapo majibu hutegemea unayemuuliza.

Fundi umeme wa magari mwenye gereji Ilala, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anasema ada ya kupima ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya fremu. Siku hizi mteja anafika na msimbo P0420 kwenye simu, sensa ya oksijeni ameshainunua, anachotaka ni kufungiwa tu. Taa ya injini ikirudi baada ya siku chache, lawama zote anabeba fundi. Na akitaka kupima upya kwa malipo, anaitwa tapeli.

Hoja yake ina uzito. P0420 husema tu kwamba kisafisha moshi, ambacho mafundi wanakiita masega, hakifanyi kazi inavyotakiwa. Huenda masega yamechoka, ekzosi inavuja, au ni sensa kweli. Gari ambalo masega yake yaling'olewa yakauzwa kwa wanunuzi wa platini na paladi, sensa mpya haitalisaidia kitu. P0301 nayo inaonyesha silinda namba moja haichomi vizuri, lakini haisemi kama tatizo ni plagi, koili au nozeli.

Hata hivyo, fundi huyo hakugusia upande wa pili: gereji zinazobahatisha, zikibadilisha spea moja baada ya nyingine kwa fedha za mteja. Wengi walionunua kifaa wamefukuzwa na tabia hiyo.

Ofisa mmoja anayesimamia biashara ndogo anaamini teknolojia hii itamaliza udanganyifu gerejini. Alipoulizwa ni malalamiko mangapi yamepungua, hakuwa na takwimu. Wala hakueleza nani anakagua ubora wa vifaa vyenyewe, ambavyo vingi ni nakala za bei rahisi.

Tatizo jingine ni umri wa magari. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa misimbo kwa magari madogo mapya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa yale ya petroli. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya 1990 yana soketi ileile ya pini 16, lakini kifaa cha kawaida hakisomi kitu. Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu bila kuyazuia magari ya zamani kuingia. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane, hivyo huenda mnunuzi wa huko akakwama mara chache zaidi. Muuza kifaa ni nadra kuyasema haya dukani.

Biashara itaendelea kukua, ingawa faida ya mafundi haina uhakika. Watakaosalia pengine ni wale wanaouza utambuzi wa chanzo, si usomaji wa namba.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, kifaa hiki kina thamani ambayo wengi hawaijui. Muuzaji anaweza kufuta misimbo asubuhi taa ikazimika, lakini vipimo vya ndani vya gari vitasomeka havijakamilika mpaka liendeshwe vya kutosha. Ukikuta hali hiyo, uliza betri ilichomolewa lini na kwa nini. Na kwa mwenye gari tayari: usinunue spea kwa sababu ya msimbo peke yake. Mlipe fundi aipime kwanza ile ya zamani.