KOILI YA ANTENA NI KAMA NDIVA



Barabara za milimani hukupa taabu wakati wa masika. Mtu wa Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, anaijua taabu hiyo. Tuseme gari limekwama na ndani yake yumo mgonjwa. Ni lazima habari zifike haraka. Siku hizi tunazo simu za mkononi. Lakini mlima ukikinga, simu hunyamaza. Hapo redio ya masafa mafupi inaweza kuokoa maisha. Mawimbi yake hupanda juu sana angani, hurudishwa, kisha hushuka nyuma ya mlima.

KWA NINI KOILI?

Redio ya mawimbi ya mita 60 hutaka antena ya robo ya urefu huo, yaani mita 15. Gari haliwezi kubeba mlingoti wa mita 15. Kwa hiyo fundi huweka fimbo ya mita 3 hivi, na kuiongezea koili. Koili ni waya uliozungushwa mara nyingi.

Hapo mafundi hubishana. Mmoja husema, mkondo wa umeme unaoingia chini ya koili ni sawa na unaotoka juu. Mwingine husema, unaotoka ni mdogo. Nani mkweli?

Tazama ndiva. Wapare wamejenga ndiva tangu zamani ili kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Maji yakiingia mengi na kutoka machache, je, yamepotea? La, yamebaki ndivani. Lakini bomba lililojaa halina nafasi ya kuweka maji zaidi. Yanayoingia ndiyo yanayotoka.

Koili ndogo ni kama bomba. Mkondo wa chini na wa juu hukaribia kuwa sawa. Koili kubwa na ndefu ni kama ndiva. Mizunguko yake hushika umeme kwa muda mfupi mno, kisha huurudisha. Basi mkondo wa juu huwa mdogo. Kumbe mafundi wote wawili ni wakweli. Kila mmoja amepima koili yake.

IWEKWE WAPI?

Mkondo hupungua kuelekea nchani. Nchani kabisa haupo. Sehemu yenye mkondo mkubwa ndiyo hutuma mawimbi mengi. Koili ikiwekwa katikati ya fimbo, nusu ya chini hubaki na mkondo mkubwa. Lakini koili hiyo hutaka mizunguko mingi kuliko ile ya chini. Waya wake uwe mnene. Waya mwembamba hugeuza nguvu ya redio kuwa joto la bure.

KUMBUKA

- Usiguse antena redio inapotuma. Juu ya koili mkondo ni mdogo, lakini msukumo wa umeme ni mkubwa. Utaungua.
- Usikate fimbo wala kupunguza mizunguko ya koili. Viwili hivyo vimepimwa pamoja. Ukiharibu kimoja, siku ya mgonjwa utaita na hutasikika.