VPN Haikufichi

Kila mapigano yakizuka, naulizwa swali lilelile: "VPN gani nzuri, nisizimiwe intaneti wala nisikamatwe?" Watu waliliuliza waasi wa M23 walipoiteka Goma mwanzoni mwa 2025 na X na TikTok zikazuiwa Kongo. Swali hili limebeba makosa mawili, na yote mawili yanaweza kumponza mtu.

La kwanza: kuzuia na kuzima ni mambo tofauti. Serikali ikiagiza kampuni za simu zizuie X, minara bado inafanya kazi na mara nyingi VPN itakuvusha. Intaneti yenyewe ikizimwa, VPN haina pa kupita. Gaza, Oktoba 27, 2023, mawasiliano yalikatika karibu yote kwa zaidi ya siku nzima. Kilichowasaidia baadhi ya watu ni eSIM, yaani laini za simu za kidijitali, zilizowawezesha kushika minara ya Misri na Israeli. Mwandishi wa Misri, Mirna El Helbawi, aliwahamasisha watu duniani wazinunue na kuzituma.

La pili ndilo linaloniudhi, maana nimelikanusha hadi nimechoka na bado linasambaa: eti ukiwasha VPN hakuna atakayejua ni wewe. VPN huficha njia tu. Kampuni ya simu haioni umeingia tovuti gani, ingawa mara nyingi inatambua kwamba unatumia VPN. Jina lako, sura yako, sauti yako na namba uliyofungulia akaunti vinabaki palepale. Mwandishi wa habari wa Urusi, Maria Ponomarenko, aliandika Telegram Machi 2022 kuhusu kushambuliwa kwa jumba la maigizo la Mariupol, Ukraine. Mwezi huohuo Urusi ilikuwa imepitisha sheria ya "habari za uongo" kuhusu jeshi, yenye adhabu ya hadi miaka 15. Februari 2023 akahukumiwa miaka 6. Kosa aliloshtakiwa nalo ni maneno aliyoyaandika. VPN ingeyafutaje? Na askari kwenye kizuizi cha barabarani akikuamuru ufungue simu, atasoma WhatsApp na kupekua picha zako. Hapo VPN itazidisha maswali tu.

Halafu kuna hizi VPN za bure mnazorushiana kwenye magrupu. Jamani, mwenye VPN huona yale ambayo kampuni ya simu ingeyaona! Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, na programu yake ya Onavo Protect ikanadiwa kuwa inamlinda mtumiaji. Kumbe ilikuwa inakusanya taarifa za programu nyingine anazotumia. Mwaka 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple baada ya Apple kusema inakiuka kanuni zake. Hiyo ni kampuni inayojulikana hadi makao yake makuu. Wewe unapakua faili la mtu usiyemjua, katikati ya vita, kisha unapitishia humo habari za mahali ndugu zako walipojificha. Acheni.

Yanayosaidia ni haya. Pakua zana mapema, kabla maduka ya programu hayajazuiwa: Psiphon au Tor kwa kuvuka vizuizi, na Briar, kwa simu za Android, ambayo hupeleka ujumbe kwa Bluetooth kwa aliye karibu hata bila intaneti. Kwa mazungumzo nyeti tumia Signal, uweke ujumbe ujifute wenyewe. Funga simu kwa nywila ndefu badala ya alama ya kidole. Jua sheria ya mahali ulipo: Tanzania, kwa mfano, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaohitaji VPN wazisajili. Ukirekodi shambulio, tunza faili la awali, kwa sababu video ikipita WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Kabla ya kuiposti, ziba sura za watu. Nakala moja ipeleke kwa mtu unayemwamini aliye nje ya nchi, usiiachie mitandao ya kijamii ikutunzie: mwaka 2017 YouTube ilifuta video nyingi za vita vya Syria, zikiwemo zilizokuwa ushahidi wa mashambulizi dhidi ya raia.