Nyasi za Bandia Nazo Zataka Matunzo

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo, ambao wenye nyumba za mawe visiwani wanaufahamu fika, sasa wawahusu pia wananchi waliotandika nyasi za bandia katika nyua zao. Zulia hilo la kijani halihitaji kumwagiliwa maji, nalo hupendeza macho. Lakini ni kosa kudhani kwamba kisichoota hakitaki matunzo.

Yafaa kukumbuka kwamba nyasi hizi hazikupata sifa chini ya jua kama letu. Zilivuma mwaka 1966, zilipotandikwa katika kiwanja cha Astrodome mjini Houston, Marekani, ambacho kina paa, baada ya nyasi za asili kufa humo kwa kukosa mwanga. Kwetu hali ni kinyume. Jua la adhuhuri huweza kulipasha zulia hilo joto linalozidi nyuzi 60, na miale yake huzikausha nyuzi za plastiki hadi zikakatika. Aidha, zipo nyuzi zinazoyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 140. Kwa hiyo kaa moja likianguka kutoka katika seredani latosha kutoboa tundu.

Hapo ndipo penye jambo linalotusukuma kuandika. Mwenye nyumba akiona tundu lenye ukubwa wa sahani, au mshono ulioachana, aghalabu hulikunja zulia zima akalitupa jaani au korongoni. Masika yakija, maji huchukua vipande hivyo hadi pwani. Plastiki haiozi kama kuti. Humeguka ikawa chembe, na chembe hizo huliwa na viumbe wa bahari ile ile itupatiayo kitoweo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Haitakuwa busara kuukataa mfuko mlangoni, kisha kuliachia jamvi zima la plastiki lipitie uani.

Kuziba tundu si kazi ya kushinda fundi wa kawaida. Kwanza, huondolewa mchanga uliomo kati ya nyuzi pale palipoharibika. Kisha zulia hugeuzwa, na sehemu mbovu hukatwa kwa upande wa chini, mraba ulionyooka, kisu kikipita kati ya mistari ya mshono ili nyuzi nzima zisikatwe. Kiraka hukatwa kwa kipimo hicho hicho kutokana na masalio ya zulia lenyewe, ndiyo maana mnunuzi mwerevu hatupi masalio yake. Tena lazima nyuzi za kiraka zilale upande mmoja na za zulia. Zikipishana, kiraka kitaonekana tangu mlangoni. Mshona mkeka, ambaye huzilinganisha kili zake kabla ya kutia sindano, hahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hapo, utepe wa kuungia hulazwa chini ya ukingo wa tundu, ukapakwa gundi isiyoharibiwa na maji, na kiraka kikawekwa bila kingo kupandana wala nyuzi kunaswa katika gundi. Juu yake huwekwa magunia ya mchanga kwa muda wa siku moja. Mwisho hurejeshwa mchanga mkavu, na nyuzi huinuliwa kwa brashi ngumu. Mshono ulioachana hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, baada ya kuikwangua gundi ya zamani na kupakausha vyema.

Hata hivyo, kiraka juu ya msingi mbovu ni kazi bure. Palipobonyea au panapotuama maji hapana budi kufunuliwa, kokoto zishindiliwe upya na kupewa mteremko. Wala mchanga wa kujazia usichotwe pwani: una chumvi na vipande vya simbi, na kuuchota ni kuidhoofisha fukwe inayotukinga na bahari. Mchanga uliooshwa ndio ufaao. Chembe za mpira nazo ziepukwe; Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba uuzaji wa chembe za namna hiyo ukome ifikapo 2031, kwa sababu husambaa katika mazingira.

Kwa upande wa wenye mamlaka, tuna maombi matatu. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira iandae mwongozo mfupi, kwa Kiswahili chepesi, kuhusu utandikaji, ukarabati na utupaji wa mazulia haya. Mabaraza ya Manispaa na Halmashauri yatenge mahali maalumu pa kupokea yaliyochakaa, ili sehemu zilizo nzima zipatikane kwa viraka. Na vituo vya mafunzo ya amali viwafundishe vijana ufundi huu, kwani palipo na tundu la kuziba pana riziki ya fundi.

Kwa mwananchi tunasema: seredani ikae mbali na zulia, brashi ipite kila juma, na ufa uzibwe ungali mdogo. Na kwa yule ambaye bado hajanunua, ajiulize kwanza iwapo uani kwake hapastawi ukoka na mti wa kivuli. Ukoka ukifa hurudi udongoni, lakini zulia likifa hutuachia sisi mzigo wa kulizika. Bibi zetu walishona mikeka yao mara nyingi kabla ya kuitupa, ingawa ilikuwa ya ukindu ambao ungeoza wenyewe. Sisi tunaotandika kitu kisichooza tuna sababu kubwa zaidi ya kushika sindano.