NGOZI YA SOLA: KWA NINI PANELI MOJA HUDUMU NA NYINGINE HUFIFIA



Siku hizi ni vigumu kupata kikundi kisichokuwa na sola. Wengine wanachaji simu, wengine wanapampu maji, wengine wanaangazia vifaranga usiku. Tunapotembelea vikundi, swali moja halikosi: “Mbona tulinunua paneli mbili za ukubwa mmoja, moja inaendelea vizuri na nyingine imepungua nguvu baada ya miezi michache tu?”

Ziko sababu nyingi: kivuli cha mti, vumbi, nyaya mbovu, hata lebo ya uongo. Lakini iko sababu nyingine ambayo watu wengi hawajaelezwa. Iko chini ya kioo, katika ngozi ya silikoni yenyewe. Tueleze pole pole, maana pesa ya kikundi ni jasho la watu wengi.

Silikoni ni nini?

Silikoni inatolewa katika mawe meupe ya kwatzi, ndugu wa mchanga wetu wa mtoni. Mawe hayo huchomwa pamoja na makaa katika tanuri lenye joto la karibu digrii 2,000 ili oksijeni iondoke. Kisha silikoni husafishwa sana na kukatwa vipande vyembamba, unene kama wa karatasi mbili hivi.

Ndani ya kipande hicho mna chembe ndogo sana zinazoitwa atomi. Kila atomi ya silikoni ni kama mtu mwenye mikono minne. Katikati ya kipande, kila mmoja ameshikana na majirani wanne na hakuna mkono uliobaki mtupu. Lakini pale juu, ambapo kipande kimekatwa, jirani wa upande wa nje hayupo. Mkono unabaki ukining’inia hewani. Katika sentimita moja ya mraba, ngozi ya silikoni ina atomi zaidi ya trilioni 600. Basi fikirieni mikono mitupu ni mingi namna gani!

Ubaya wa mkono mtupu

Mwangaza wa jua ukiingia ndani ya silikoni, unaamsha vitu vidogo viitwavyo elektroni. Hizo elektroni zikitembea mpaka kwenye mistari ya chuma tunayoiona juu ya paneli, ndiyo tunapata umeme. Lakini elektroni ikipita karibu na mkono mtupu, inanaswa. Nguvu yake inageuka kuwa joto tu, haifiki kwenye betri.

Ni kama mfereji wa kumwagilia shamba uliotobolewa na fuko. Maji yalitoka mtoni mengi, lakini shambani yanafika kidogo. Si kosa la mto. Ni yale mashimo.

Kuitibu ngozi

Kazi kubwa ya wanakemia ni kuitafutia hiyo mikono mitupu kitu cha kushika. Hatua zenyewe kwa kifupi ni hizi:

1. Kuoga kwa kostiki soda. Akina mama wanaotengeneza sabuni wanaijua kemikali hii. Kiwandani hutumika hiyo au ndugu yake, potashi kali, ikiwa imechanganywa na maji ya moto. Inaila silikoni haraka upande mmoja na pole pole upande mwingine, mpaka juu panabaki vilima vidogo sana vyenye ncha kama piramidi. Silikoni iliyo laini hurudisha hewani zaidi ya asilimia 30 ya mwangaza, kama kioo cha kujitazamia. Vilima vinaufanya mwangaza urukeruke na kuingia ndani badala ya kupotea.

2. Kuoshwa kwa asidi. Asidi inayotumika ni ile yenye floridi, ambayo huyeyusha hata kioo. Inaondoa utando wa juu na kuiacha mikono ya silikoni imeshika haidrojeni. Asidi hii ni hatari mno: inapenya ngozi ya binadamu na kushambulia mifupa. Ni kazi ya kiwandani peke yake, wala mtu asijaribu nyumbani.

3. Kuvishwa koti. Haidrojeni peke yake haidumu ikipigwa na hewa. Kwa hiyo juu yake huwekwa koti la silikoni naitraidi, linalotengenezwa kwa gesi mbili, mojawapo ikiwa ni amonia. Koti hili ni jembamba ajabu: ukipanga makoti 1,000 ndipo utafikia unene wa unywele mmoja. Lina haidrojeni ndani yake, na likipashwa moto haidrojeni hiyo inaingia na kushika mikono iliyosahaulika. Koti hilo hilo ndilo linaloipa paneli rangi ya buluu. Basi buluu ile si rangi ya kupakwa kwa brashi, ni dalili ya dawa.

Kazi ikifanywa vizuri, katika maelfu ya atomi za juu unabaki mkono mmoja tu ulio mtupu.

Matunda ya kazi hiyo

Mwaka 1954, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, watafiti watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha sola ya kwanza ya silikoni yenye kufaa kazi. Iligeuza asilimia 6 tu ya nguvu za jua kuwa umeme. Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, wakiongozwa na Martin Green, walifikia asilimia 20 kwa kuitunza sana ngozi ya juu. Leo paneli za kawaida madukani zinapita asilimia 20. Jua ni lile lile na silikoni ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni ufundi, na utunzaji wa ngozi ni sehemu kubwa ya ufundi huo.

Na ile inayofifia?

Miaka ya 1990 hapa Kenya watu wengi walinunua paneli ndogo za bei nafuu, nyeusi-kahawia, zisizo na vipande vinavyoonekana. Ndani yake silikoni haikupangwa mstari kwa mstari. Imemwagwa kama kokoto, kwa hiyo mikono mitupu iko kila mahali, si juu tu. Hizo nazo hutibiwa kwa haidrojeni. Lakini mwaka 1977 David Staebler na Christopher Wronski, wakiwa Marekani, waliandika kwamba mwangaza wenyewe unaharibu tiba hiyo: jua likiwaka, mikono mingine inafunguka tena. Hivyo paneli ya aina hii hupoteza sehemu ya nguvu zake katika wiki na miezi ya kwanza, kisha inatulia.

Kwa hiyo kushuka huko si uchawi, na si lazima iwe fundi amewaibia. Mwuzaji mwaminifu huandika wati zile zinazobaki baada ya kushuka. Asiye mwaminifu huandika zile za siku ya kwanza.

Kikundi kifanye nini?

- Kabla ya kununua, someni lebo nyuma ya paneli, wati na volti, na mdai garantii iliyoandikwa. Mtu akisema “garantii iko kichwani mwangu,” ondokeni.
- Kama ni paneli ya silikoni isiyopangwa, ulizeni wazi: “Wati hizi ni za kabla au baada ya kushuka?”
- Tumieni fundi mwenye leseni ya EPRA. Apime nguvu saa sita mchana siku ya jua kali, na katibu aandike kwenye kitabu. Pimeni tena baada ya miezi mitatu. Bila maandishi hamna la kumwambia mwuzaji.
- Osheni kioo asubuhi mapema kwa maji safi na kitambaa laini. Msitumie mchanga, jivu wala waya wa kusugulia sufuria.
- Paneli yenye kioo kilichopasuka msinunue hata ikiuzwa bei ya kutupa. Maji yataingia na kula mistari ya chuma. Rahisi ni ghali.
- Mtu asikanyage paneli wakati wa kuifunga juu ya mabati. Silikoni ni nyembamba, inavunjika ndani huku kioo kikiwa kizima.
- Paneli iliyokufa isichomwe wala kupewa watoto wachezee. Nyingi zina risasi katika viungo vyake.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Paneli yetu ni ya aina gani, ya vipande vya buluu au vyeusi, au ile isiyo na vipande?
2. Nani anaweka lebo, risiti na garantii? Zinaweza kuonekana leo?
3. Ni nani tumemkabidhi kazi ya kuosha na kupima, na ni lini alifanya hivyo mara ya mwisho?