Mnyororo wa Matt Talbot: Je, Mungu anapenda damu yetu?

Mtu akijipiga fimbo mpaka damu itoke, je, Mungu anafurahi? Usicheke. Swali hili ni la zamani, na tena liko ndani ya nyumba zetu. Pengine mtoto wako alishakuambia: "Mama, siku tatu sitakula, sitakunywa hata maji, niko mu maombi." Na kesho asubuhi anataka kushuka mu shimo na tumbo tupu. Utamjibu nini?

Tuangalie kwanza mambo ya Ulaya. Mwaka 1348 na 1349 ugonjwa wa tauni uliua watu wengi sana kule. Wakasema Mungu amekasirika. Katika Ujerumani, na hata Tournai, katika Ubelgiji ya leo, makundi ya watu yalitembea mji kwa mji kwa muda wa siku 33 na nusu, juu ya kukumbuka miaka ya Yesu hapa duniani. Kila siku walivua nguo za juu mbele ya watu wote, wakajipiga kwa mijeledi yenye ncha za chuma. Watazamaji walilia.

Lakini tauni haikusimama. Tena wengine katika makundi yale walianza kudharau mapadri, wakidai kwamba fimbo zao zinatosha kuondoa dhambi. Mahali pengine walichochea watu kuua Wayahudi, eti wao ndio walioleta ugonjwa. Unaona? Mgongo ulipasuka, lakini moyo ulibaki mgumu. Tarehe 20 Oktoba 1349 Papa Klementi VI akakataza makundi yale.

Sasa sikiliza habari ya mfanyakazi mmoja, mtu wa mshahara kama baba wengi wa mitaa yetu. Matt Talbot alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Dublin, Ayalandi. Akiwa na miaka 12 alianza kazi kwa wauza pombe, na palepale akajifunza kunywa. Mshahara wake wote uliishia mu baa. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya maskini mmoja aliyeishi kwa kuipiga, wakaiuza wanywe.

Mwaka 1884 alikuwa hana feza. Akasimama karibu na baa, akingoja wenzake wamwite. Walipita, hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anaacha pombe. Aliahidi mbele ya padri miezi mitatu, kisha akaongeza, mwishoni akaahidi kwa maisha yote. Zaidi ya miaka 40 hakuigusa tena.

Tarehe 7 Juni 1925 alianguka njiani akienda Misa, akafa. Kule hospitali walipomvua nguo, kumbe, minyororo ilikuwa mwilini mwake! Ilikuwa ni alama ya kwamba yeye ni mtumwa wa Bikira Maria.

Wengi wakisikia habari hii, wanashika mnyororo tu. Haifai. Angalia mengine: alilipa madeni yake ya pombe moja moja. Alimtafuta sana mwenye fidla, na alipomkosa akatoa feza ile Misa zisomwe juu yake. Alisaidia maskini kwa mshahara wake. Na minyororo yake hakuionyesha sokoni. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimpa jina la Mheshimiwa, lakini Kanisa halikutuambia tununue minyororo.

Biblia nayo iko wazi. Manabii wa Baali walijikata kwa visu mpaka damu ikatiririka, na hakuna aliyewajibu. Yesu anataka anayefunga anawe uso, watu wasijue. Soma pia Isaya sura ya 58 pamoja na watoto: utaona kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kulisha mwenye njaa na kuondoa udhalimu.

Ndiyo sababu sheria ya Kanisa Katoliki haiui mtu. Siku za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Unakula chakula kimoja cha kushiba na viwili vidogo. Maji na dawa hazikatazwi. Mgonjwa hafungwi na sheria hii.

Basi, mama, mtoto akikuambia hataki kunywa maji, usimtukane. Keti naye, umpe maji, umuulize anatafuta nini kwa Mungu, kisha mwende wote kwa padri. Na wewe baba, siku ya mshahara, pita baa bila kuingia. Rudisha feza ya jirani uliyokopa, ununue unga, uingie nyumbani mapema. Utaumia kweli, na watoto watalala wameshiba.