Je, Wajua? Njia ya Farasi Kisiwani Menorca

Je, wajua, msomaji mpenzi, kwamba kisiwa cha Menorca, kilicho sehemu ya Hispania katika Bahari ya Mediterania, kimezungukwa chote na njia ya kale iitwayo Camí de Cavalls, yaani Njia ya Farasi, yenye masafa ya kilomita 185, ambayo askari waliipita zamani wakilinda pwani na kuunganisha minara ya ulinzi? Zama hizo zilipopita, sehemu zake nyingi zilifungwa ndani ya mashamba ya watu, hata wenyeji wakaidai haki yao kwa juhudi kubwa, na sheria ya mwaka 2000 ikawarudishia ruhusa ya kupita. Nami naona hiyo ndiyo fahari ya njia hii kuliko mandhari yake. Leo wasafiri huizunguka kwa baiskeli zenye matairi mapana kwa muda wa siku kadhaa, ingawa upande wa kaskazini, wenye vilima na upepo mkali uitwao tramuntana, aghalabu huwalazimu kushuka na kuzikokota. Nawe ukijaaliwa kufika, tafadhali lifunge kila lango la mbao za mzeituni-mwitu ulipitalo, kwani mifugo iliyo ndani ina wenyewe.